Pezi Lililokatwa

Mwezi wa tano, saa kumi na moja alfajiri,
Keringet ina baridi ya kuuma meno.
Mifuko kumi na miwili ya nailoni imefura hewa,
ndani ya kila mmoja vifaranga mia mbili vya trauti,
vyembamba kama sindano za kushonea magunia.
Naitegea mifuko kiganja. Ikitulia, wamekufa.
Ikinitekenya, tunakwenda.

Mutai wa pikipiki haulizi tena tumebeba nini.
Mara ya kwanza alicheka: "Mnapanda samaki kama viazi?"
Nikamwambia, kiazi hakikimbii.

Chini ya daraja la mbao nauweka mfuko majini
robo saa nzima bila kuufungua,
maji ya ndani yazoeane na maji ya nje,
kama mkwe mgeni anayekaa kwanza karibu na mlango.
Kisha nafungua. Hawaruki, hawashangilii.
Wanasimama wakielekea mkondo unakotoka,
wote, kama watu waliosikia jina lao likiitwa.

Jumamosi huja watu wa Chama kutoka Nakuru.
Daktari Virdi na kofia iliyojaa nzi wa manyoya,
Bi Wairegi wa benki, anayevua na hereni zake za lulu.
Leseni mkononi, samaki wawili kwa kila mtu,
sentimita ishirini na tano kwenda juu,
ndoana isiyo na kijino. Mdogo, rudisha.
Hubishana mchana kutwa kama mnyoo ni chambo au ni aibu.
Mimi nina rula ya shule iliyopigiliwa ubaoni
na daftari lenye safu saba.

Watoto hukaa ukingoni mwa shamba la pareto wakitazama
mtu mzima akimshika samaki, karibu ambusu, akimwachia.
"Kwani ameshiba?" waliniuliza siku moja.
Nikasema ndiyo. Sikuwa na jibu jingine la haraka.

Mwaka ule mto uliposhuka mwekundu kama uji wa wimbi,
siku tisa,
nilikuwa nimetoka kuwaachia elfu moja na mia nne,
kila mmoja nimemkata lile pezi dogo la nyuma mgongoni
ili tukimkuta tena tujue ni wa mwaka gani.
Hatukumkuta yeyote. Nilikokota wavu kila kidimbwi
hadi kwenye maporomoko.
Mkubwa wa ofisi akasema andika. Nikaandika.
Waliosalia: sifuri.
Niliizungusha kalamu juu yake mara mbili, tatu,
ikawa nene kama jicho.

Jana jioni Kipsanai, wa darasa la tano, alibisha hodi
na kitu kimefungwa ndani ya sweta la shule.
Hakujificha. Alitaka nimpimie.
Rula yangu inaishia thelathini; ilibidi tuihamishe mara mbili.
Sentimita sitini na moja.
Taya limepinda juu kama kulabu,
na mgongoni, pale pa pezi dogo, palikuwa laini.
Nikapapasa tena.
Laini.

Miaka sita. Alikula nini, alilala chini ya mzizi gani,
wakati sisi tulikuwa tukimwomboleza kwa fomu?

"Ulimvua na nini?"
"Mnyoo. Na uzi wa gunia la viazi."

Sheria naijua; bango la darajani nililipaka rangi mimi.
Lakini mvulana alikuwa akitazama kwao,
ambako moshi ulikuwa umeshaanza kupanda,
na samaki alikuwa amekwisha kufa tangu mtoni.
Nikamrudishia, sweta na vyote.

Usiku nikafungua daftari.
Safu ya mvuvi: Kipsanai.
Safu ya leseni nikaiacha wazi.
Safu ya chambo: mnyoo. Daktari atajisomea.
Nikafunua kurasa nyuma hadi ile sifuri nene,
nikaikata, nikaandika juu yake: mmoja.

Harufu ya vitunguu ikavuka ua.
Nikabaki nimeshika kalamu hewani,
maana huyo mmoja wangu
alikuwa sasa hivi akigeuzwa upande wa pili.